Lantiyi za mtoto na maji ya bido

Lineti ya tatu ilivunjikia kiwanjani siku ya Jumamosi na mimi sikuwa hata na nguvu ya kukasirika tena. Binti yangu ana miaka 11, anacheza voleboli, na mpira wa voleboli hauulizaki kama umevaa kioo. Ulimgonga puani, lineti ikaruka, mwenzake akarudi kinyumenyume akaikanyaga, na kama unajua viwanja vya Goma unajua chini hakuna majani, chini ni mawe meusi ya volkano yaliyosagika, kioo kikianguka pale hata kama hakikuvunjika kinaokotwa kimekwaruzika kama sufuria ya kusongea bugari. Akaniletea vipande ndani ya soksi. Ndiyo, soksi. Akanionyesha: "Mama, mguu moja iko muzima." Kama vile mguu moja wa lineti ndio utamsaidia kusoma ubaoni Jumatatu.

Mbele niendelee niweke maneno sawa, juu najua kuna wanaosoma hapa wako Dar, wako Mombasa, na kila mara wananiuliza naongea nini. Lineti ni miwani. Lantiyi ni lenzi, ile ya kuweka ku jicho yenyewe, kaplastiki laini kenye umbo la kibakuli, ukikainua kwa mwanga unaona kama ile ngozi nyembamba ya ndani ya kitunguu. Bido ni dumu la maji, robinet ni bomba, makuta ni pesa. Nikisema "njo" ni ndio, na nikisema "juu" mara nyingi ni kwa sababu. Haya, tuendelee.

Lineti ya kwanza alivaa akiwa na miaka 7. Mwalimu wake ndiye alituita, akasema huyu mtoto ana akili lakini anakopi kwa jirani hata tarehe. Hata tarehe! Sisi tukafikiri ni uvivu, baba yake akamsema vizuri, kumbe ubao wote kwake ulikuwa ukungu mtupu. Namba ilianza kidogo, leo jicho la kuume ni -5.00 na la kushoto ni -4.25. Maana yake bila lineti anaona vizuri kitu kikiwa kama sentimita 20 kutoka puani, ukipita hapo dunia inaanza kuyeyuka. Inaitwa miopi. Jicho limekuwa refu kupita kipimo, mwanga ukiingia unajikusanya mbele ya ile ngozi ya nyuma yenye kupokea picha, haufiki juu yake, na kwa vile mtoto anakua jicho nalo linarefuka pamoja naye, njo maana kila mwaka tukipima namba imepanda. Sio laana, sio karoti alizokataa kula. Kukaa ndani umeinamia vitu vya karibu siku nzima nako hakusaidii, wataalamu wanashauri mtoto apate kama masaa 2 ya nje kila siku, kwenye mwanga wa jua, lakini mwanzo wa 2025 huku kwetu watoto walifungiwa ndani siku na siku, masomo yamefungwa, risasi mjini, nani angewaambia mutoke nje mukacheze? Mimi mwenyewe ndiye niliwapa simu ili wanyamaze.

Shuleni wakamuita Dokta kwa sababu ya vile vioo vizito. Hakulia, ni mtoto mgumu, lakini jina lilitoka shuleni likafika mtaani na mimi nikawa Mama Dokta, kuna mama mmoja kabisa alikuja mlangoni usiku kuniomba dawa ya malaria. Tulicheka. Kile ambacho hakikuchekesha ni pale nilimkuta mbele ya kioo, ametoa lineti, ameirudisha, ametoa, ameirudisha, akaniuliza kwa nini macho yake yanakuwa ya panya akivaa. Na ni kweli, vioo vya miopi vinafanya jicho lionekane dogo, na namba ikipanda vinazidi.

Dada yangu anayeishi Kigali ndiye alitupa wazo la lantiyi. Nilipolileta nyumbani nikakuta ukuta. Baba yake: "Mutoto wa miaka kumi na moja? Huyu mwenye anasahauka kufunga bido?" Koko wake, yaani mama mkwe wangu, yeye hakuongea sana: "Jicho haiwekwake kitu. Hata kamududu kakiingia unakatosha." Mama mwingine wa jirani akaniita pembeni akaniambia nitafute mama anayenyonyesha, nimdondoshee mtoto maziwa machoni, matone mawili asubuhi, itaisha. Nilisema aksanti nikaenda zangu. Maziwa ya mama ni chakula cha mtoto, na ni chakula cha mikrobi pia, sasa ukiyaweka ndani ya jicho unamlisha nani?

Usiku umeme uliporudi nikasoma ku simu mpaka saa nane. Kile nilichokutana nacho kilinishangaza, juu mimi nilifikiri swali ni umri, mtoto aanze akiwa na miaka mingapi, kumbe kuna watoto wachanga wanaovaa lantiyi. Wale wanaozaliwa na katarakte, mtoto wa jicho. Wakipasuliwa, ile lenzi ya asili ndani ya jicho inatolewa, na bila kitu cha kuchukua nafasi yake jicho haliwezi kukusanya mwanga, ubongo nao ukikosa picha nzuri miaka ile ya kwanza unalizoea jicho lile kama halipo, hata ukilitengeneza baadaye limechelewa. Sasa Marekani walifuatilia watoto 114 waliopasuliwa jicho moja kabla hawajafika miezi 7, kundi moja likawekewa lenzi ya kudumu ndani ya jicho, kundi lingine likavalishwa lantiyi kwa juu, na mama na baba ndio wanaitoa na kuiweka. Walipofika miaka 4 na nusu, kuona kwao hakukupishana, ila waliowekewa ya ndani ndio walirudishwa zaidi kwenye upasuaji mara nyingine. Nilimsomea Koko asubuhi akichambua maharagi.

"Mutoto wa miezi miwili?"

"Miezi miwili, Koko."

"Na mama yake njo anaiingizaka?"

"Njo yeye."

Akanyamaza. Akaendelea na maharagi yake, lakini siku ile hakuongelea tena kamududu.

Makuta ya safari nilipata kwenye likelemba, kile kikundi chetu cha kuchangiana kwa zamu, zamu yangu ilikuwa imefika. Tukapita petite barrière, mpaka wa kuingia Rwanda, asubuhi mapema na jeton zetu za kuvukia, tukapanda basi Gisenyi kwenda Kigali, masaa tatu na zaidi ya kona na vilima, mtoto akalala kona zote mimi nikahesabu zote. Dokta tuliyemkuta ni mama wa makamo, mpole, hakuanza na mtoto alianza na mimi. Akaniuliza mnatumia maji gani nyumbani. Nikafikiri anatafuta kujua kama tuko watu wa hali nzuri, nikadanganya kidogo, nikasema ya robinet. Ningejua.

Vipimo nitavipitia haraka. Namba ya lantiyi haiko sawa na ya lineti, hilo sikulijua, juu lineti inakaa kama milimita 12 mbele ya jicho na lantiyi inakaa juu yake kabisa, kwa hiyo -5.00 yake ikawa -4.75 na -4.25 ikawa -4.00. Ukichukua karatasi ya lineti ukaenda nayo kununua lantiyi mahali wanapouza tu bila kupima umeshakosea, na bado kuna mkunjo na upana, jicho moja si sawa na lingine, zake zimeandikwa 8.6 na 14.2 ku sanduku. Akatueleza pia kuna lantiyi za kupunguza mwendo wa miopi yenyewe kwa watoto, MiSight kwa mfano, Marekani waliikubali mwezi wa 11 mwaka 2019 kwa watoto wanaoanza wakiwa na miaka 8 mpaka 12, na kwenye utafiti wa miaka 3 namba za waliovaa zilipanda polepole kwa asilimia 59 kuliko wenzao. Hizo hakuwa nazo, na zinataka kuvaliwa karibu kila siku, siku nzima, mwezi baada ya mwezi, nikajipigia hesabu kichwani nikasema hapana, hii sio ya mfuko wangu. Kuna na za kulala nazo, ngumu, zinalisukuma jicho usiku asubuhi unatoa unaona. Hizo hata sikuuliza bei.

Kazi kubwa ilikuwa kufundisha. Dokta akasema kwa watoto wa miaka 8 mpaka 12 inachukua kama robo saa zaidi kuliko kwa wakubwa wao wa miaka 13 mpaka 17, na sehemu kubwa ya hiyo robo saa inaenda kwenye kufundisha kuweka na kutoa, basi. Akamnawisha mikono na sabuni mpaka kati ya vidole, akamkausha na karatasi laini, akamkagua kucha. Kisha akamuonyesha lantiyi ikiwa juu ya ncha ya kidole cha shahada. Uiangalie kwa ubavu, akamwambia, ikiwa kama bakuli iko sawa, midomo yake ikifunguka kwa nje kama sahani imegeuka, irudishe. Kila mara uanze na jicho la kuume, hata ukiwa na haraka, hata ukiamshwa usiku, ili usichanganye. Kidole cha kati kinashusha ngozi ya chini, mkono mwingine unashika kope za juu kabisa pale zinapoota, sio katikati, juu ukishika katikati jicho litakushinda nguvu litafunga.

Na lilifunga. Nilihesabu mara 9. Mara ya 5 lantiyi ilibaki imebandika ku shavu kama tone la mvua, mara ya 7 ilianguka kwenye goti langu. Mara ya 10 akafungua mdomo mkubwa, ule mdomo wanawake tunaofungua tukipaka wanja, sijui mdomo unahusiana na nini na jicho, lakini lantiyi ikaingia. Akatulia. Machozi yakashuka kidogo. Akageuza macho bila kugeuza kichwa, upande wa dirisha, upande wa mlango, tena dirisha.

"Mama, pembeni nako kunaonekana!"

Miaka 4 amevaa lineti na mimi sikuwahi kufikiria hilo, kwamba pembeni ya kioo kulikuwa kumebaki ukungu, na mtoto anayecheza voleboli anauona mpira ukiingia na kutoka kwenye dirisha mbili ndogo.

Mimi nilijaribishwa pia kuitoa kwenye jicho lake, juu mzazi lazima ajue. Nilijing'ata mdomo, mikono ikatetemeka, mtoto akaniambia "Mama wacha, nitatosha miye." Akaisogeza chini na kidole, akaibana na ncha za vidole viwili, ikatoka. Mtoto ni fundi, mama ni muoga, dokta anaandika. Nikamuuliza lile swali ambalo kila mtu wa Goma ameniuliza tangu siku hiyo: inaweza kupotelea nyuma ya jicho? Akacheka. Haiwezi, ngozi ya ndani ya kope inajikunja na kushikana na weupe wa jicho, hakuna njia ya kwenda nyuma, ikipotea iko juu ama chini ya kope inajificha.

Ku basi wakati wa kurudi nikamsomea hadithi ya yule aliyetengeneza lantiyi laini za kwanza. Mzee wa kemia wa Chekoslovakia, Otto Wichterle. Siku ya Noeli 1961 alikaa kwenye meza ya nyumbani kwake akachukua mchezo wa watoto wa vyuma vya kuunganisha na skrubu, unaitwa Merkur, akaunganisha na dinamo ya baiskeli, akatengeneza kamashine ka kuzungusha, plastiki yake ya majimaji ikizunguka inajitandaza kwenye kikombe kidogo na kuwa lantiyi. Zikatoka 4 za kwanza. Binti yangu akafikiri kidogo akasema kumbe ni kama kaka zake na gari zao za waya. Ndio, kama gari za waya. Kuna watu wanajenga chukudu, ile baiskeli yetu ya mbao ya kusukuma mizigo, kwa panga na misumari, kwa nini mtu asijenge jicho kwa dinamo.

Sasa tufike nyumbani, juu nyumbani njo kwenye shida.

Maji yetu ni ya bido. Siku robinet ya mtaa inatoka tunachota pale, siku haitoki, na hizo ndizo nyingi, watoto wanashuka ziwani na bido za lita 20, pale kuna vijana wenye sindano ya kloro wanaingiza kidogo ndani ya kila bido kwa ajili ya kolera, kipindupindu. Ni kazi nzuri, imeokoa watu wengi. Lakini jicho halina shida na kolera, jicho lina adui mwingine, kanaitwa Acanthamoeba, kadudu kadogo sana kanakaa kwenye maji ya kila aina, ziwa, robinet, bwawa la kuogelea, na ukikanywa kwa kawaida tumbo halijui hata kama kalipita. Kakikuta hali ngumu kanajifungia ndani ya ganda, na ganda lile kloro ya kawaida hailiwezi. Lantiyi laini inanyonya maji kama sifongo, kwa hiyo ukiisuuza na maji unakabeba mwenyewe unakaweka juu ya kioo cha jicho, na kile kioo cha mbele hakina mishipa ya damu, hewa kinapata kutoka nje kupitia machozi, hakina askari wengi karibu. Kakianza kukila ni maumivu makubwa, miezi ya matibabu, na kuna wanaopoteza jicho. Njo maana yule dokta alianza na swali la maji na njo maana mimi niliona haya. Nilimuandikia WhatsApp nikamwambia ukweli, bido, ziwa, yote. Hakunigombeza. Akasema basi tuchukue za siku moja, unavaa asubuhi unatupa jioni, hakuna kasanduku ka kuhifadhi, hakuna dawa ya kuosha, na maji yasiguse lantiyi hata tone.

Tukajipanga. Maji ya kunawa mikono yanachemshwa, yanakaa kwenye termosi yake mwenyewe na ole wake atakayeigusa kwa chai. Sabuni ya kawaida isiyo na mafuta. Kitambaa cha kukaushia ninakipiga pasi ya makaa mimi mwenyewe na kinakaa ndani ya sashe ya plastiki, juu kukausha ndiko kazi yenyewe, mkono ukiwa na maji umeharibu yote. Jikoni kwenye moshi haingii akiwa amezivaa. Ku pikipiki anavaa lineti za jua juu yake, unajua vumbi letu la kiangazi, lile jeusi, chembe moja chini ya lantiyi na mtoto anapiga kelele barabara nzima. Kuoga ni baada ya kutoa. Kulala nazo ni mwiko, hata usingizi wa mchana wa dakika kumi, juu kope ikifunga hewa inapungua na jicho linachoka, na ukilala nazo hatari ya kuambukizwa inapanda mara 6 mpaka 8.

Tulienda vizuri majuma matatu. Juma la nne mimi nilikuwa sokoni Virunga.

Mtoto wa dada yangu mwingine, kijana wa miaka 15, alikuwa nyumbani. Binti yangu anajitayarisha kwenda mazoezini, ya kuume ikamponyoka ikaangukia sakafuni. Yule kijana kwa roho nzuri kabisa, sitamlaumu, akaiokota, akaiona ina vumbi, akachota maji ya bido na kikombe akaisuuza safi, akampa. Na yeye akaivaa, juu alikuwa anachelewa. Nilirudi saa kumi na moja, nikamkuta jicho jekundu, anasema inang'ang'ania. Kumbe maji ya kawaida yanaifanya lantiyi ivimbe na kubana. Tuliitoa taratibu, nikaitupa, na hapo ndipo nikauliza ilikuwaje na nikaambiwa habari ya kikombe. Miguu iliisha nguvu. Nikakaa kwenye bido, ile ile.

Niliandika kwa dokta mikono ikitetemeka. Akajibu: hakuna lantiyi tena mpaka nikwambie, lineti tu, na uangalie mambo manne, maumivu, wekundu usiopungua, kuogopa mwanga, kuona ukungu, moja tu likibaki mpaka kesho mnapanda basi. Na akaongeza kwa herufi kubwa nisinunue matone. Alijua. Nilikuwa tayari nimevaa viatu nikitaka kwenda pharmacie ya kona, pale kila jicho jekundu linapewa ile dawa moja yenye kortizoni, inafuta wekundu siku hiyo hiyo na unashukuru Mungu, kumbe chini yake ule ugonjwa unapata nafasi ya kula bila kelele, maana askari wenyewe wa jicho umewalaza. Nikavua viatu.

Siku tatu nilimuamsha usiku kumuangalia jicho na tochi ya simu. Ile tochi yenyewe ilikuwa mateso lakini ndiyo ilikuwa kipimo changu, akikunja uso kidogo roho yangu inaruka, kisha nakumbuka hata mimi ukinimulika saa saba ya usiku nitakunja. Asubuhi ya kwanza wekundu ukawa umeisha, dokta akasema hata hivyo tungoje, hako kadudu kanachukua muda kujionyesha. Jicho liliendelea vizuri. Tulipita majuma mawili ya lineti tu, yeye amenuna, mimi nimetulia. Baba yake hakusema "nilikuambia". Alisema kitu kibaya zaidi, alisema "tutaona".

Baada ya hapo nilibadilisha kitu kimoja tu. Kijana yule, na kaka zake wadogo, na msichana anayenisaidia, hata Koko, wote niliwakalisha kwenye mkeka nikawaelezea habari ya kadudu. Mimi nilikuwa nimemfundisha mtoto peke yake, kama vile anaishi peke yake. Kwetu mtoto hana jicho lake peke yake bana, kila mtu ana mkono ndani. Koko ndiye amekuwa polisi sasa, anakaa karibu na termosi na akiona mtu anakaribia na kikombe anakohoa.

Makuta, juu najua mtauliza. Masanduku 2, moja la kila jicho, lantiyi 30 ndani ya kila moja, nililipa dola 56. Havai kila siku, anavaa mazoezi ya Jumanne na Alhamisi na mechi ya Jumamosi, mara 3 kwa juma, kwa hiyo sanduku linapaswa kufika majuma 10. Siku zingine ni lineti, ya nne hiyo, dola 45, na kwa vile tumeacha kuipeleka kiwanjani inaelekea itadumu. Ukipiga hesabu ya mwaka lantiyi ni ghali kuliko kuvunja lineti, nisiwadanganye. Kuna mama aliniandikia anataka azinunulie binti wa miaka 9 zenye rangi, za kijani, kwa ajili ya ndoa ya shangazi yake, kutoka kwa mtu anayeuza pamoja na kucha za bandia. Mama, hapana. Hata kama hazina namba zinakaa juu ya kioo kile kile cha jicho. Mshonee kikwembe kizuri, kitenge.

Jana jioni tulihesabu sanduku. Amezivaa mara 22, za kushoto zimebaki 8, za kuume zimebaki 7, juu ile moja iliyokunywa maji ya bido ilienda peke yake, ya kushoto haikufunguliwa siku ile. Yeye alishaliona hilo kabla yangu. Akaniambia siku ya mwisho ataweka ya kushoto kwenye jicho la kuume na jicho la kushoto aliache bila kitu, na hesabu yake haikuwa ya kijinga, -4.00 kwenye jicho la -4.75 haitamuumiza, ataona tu ukungu kidogo kwa mbali. Kwa mbali ndiko kwenye wavu. Nikamwambia siku hiyo atavaa lineti akae ku benchi ashangilie wenzake.

"Mama, angalia kalandrie kwanza. Ile siku njo ya finali."

Nimemuandikia dada yangu Kigali. Bado hajajibu.